Vumbi Kwenye Ovaroli za Mume Wangu

Kanisani walinipongeza kabla daktari yeyote hajanigusa. Tumbo lilikuwa limechomoza chini ya kitenge, gumu na la duara, na mama mmoja wa kwaya akanishika mkono mlangoni akaniambia Mungu amenikumbuka kama alivyomkumbuka Sara. Nilikuwa nimeshapita miaka hamsini. Nilicheka, nikasema huo ni ugali wa Kanada. Lakini tayari nilikuwa siwezi kulala chali wala kuinama nifunge viatu, na vijiko vichache vya chakula vilinijaa mpaka kooni. Tumbo lilivyozidi kukua, ndivyo mashavu yalivyozidi kubonyea.

Naandika kwa ajili ya mwanamke mwingine anayesimama sasa mbele ya kioo akijishika tumbo na kujiuliza. Udaktari siujui na sitaufundisha. Nitasema yaliyotupata sisi, watu wa Uvira tuliohamia North York, hapa Toronto: mimi Furaha, mume wangu Zakaria, binti yetu Neema, na kaka yangu mkubwa Lazaro. Ugonjwa wangu haukuwa wa kulala kitandani na kuombewa tu. Ulikuja na ngumi, na damu, na polisi.

Majani yalikuwa yanapukutika waliponitoa maji kwa mara ya kwanza. Daktari alinichoma sindano nene ubavuni, akaunganisha mpira, na maji kama chai ya rangi yakaanza kutiririka kwenye chupa. Nililala upande nikiyatazama. Nilirudi nyumbani ngozi ya tumbo imelegea kama ya mama aliyejifungua, nikala ndizi na maharage, nikamshukuru Mungu. Theluji ilikuwa haijaanguka bado tumbo likawa limerudi palepale. Wakanitoboa tena. Safari ile walikata na kipande cha nyama ndani wakakipeleka kupimwa.

Siku ya majibu Zakaria aliomba ruhusa kazini, tukaenda pamoja. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, hakutuambia lolote kwanza. Aliniuliza nimefanya kazi gani maishani. Nikamwambia: huko nyumbani niliuza vitenge, hapa nimeosha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee tangu nilipofika. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi kiwandani au kwenye ujenzi. Nikasema hapana. Ndipo akamgeukia mume wangu.

Zakaria alimweleza. Miaka yetu ya kwanza Toronto, Neema akiwa bado anatambaa, alikuwa mjenzi. Alikata mabamba ya saruji na mabomba ya saruji kwa msumeno wa umeme, kutwa nzima, ndani ya majengo yaliyozibwa kwa plastiki ili baridi isiingie. Alirudi nyumbani mweupe kuanzia nywele mpaka kope, kama mtu anayefanya kazi kwenye kinu cha unga. Nami nilimvua ovaroli, nikaingia nazo bafuni, nikafunga mlango ili vumbi lisimfikie mtoto, nikazikung'uta ndani ya beseni la kuogea kisha nikazitia kwenye mashine. Nilifanya hivyo miaka mingi. Nakumbuka ladha yake mdomoni, kama chokaa.

Daktari aliacha kuandika. Alisema yale mabamba yalikuwa yametiwa asbestosi, nyuzi ndogo za mawe zinazoipa saruji nguvu, na kwamba nyuzi hizo zikiingia mwilini hazitoki. Zilikuwa zimelala ndani yangu zaidi ya miaka ishirini. Sasa zilikuwa zimezaa saratani kwenye utando wa tumbo.

Tuliteremka kwa lifti, Zakaria akiwa mbele. Tulipofika kwenye maegesho chini ya jengo, alisimama mbele ya nguzo ya zege akaipiga ngumi. Nilidhani ni moja tu. Akaipiga tena, na tena, kwa mkono uleule, bila kupiga kelele, mpaka ngozi ya vidole ikachanika na nikaona kitu cheupe ndani. Nilimkumbatia kiunoni kwa nyuma nikajibwaga chini na tumbo langu lile ili uzito wangu umvute. Tulianguka wote wawili. Siku hiyohiyo nilirudi kukaa kwenye chumba cha kungojea cha wagonjwa wa dharura, safari hii mimi ndiye msindikizaji, nikimsubiri atiwe plasta ngumu ya kushika mifupa mkononi. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliniuliza mimba ina miezi mingapi.

Lazaro ndiye aliyempa Zakaria kazi ile. Alitutangulia Toronto, akawa msimamizi wa kikundi cha wajenzi, na ndugu na jamaa wote waliofika bila kazi aliwaingiza hapo. Tulimwita Yaya Lazaro, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu, nje na ndani ya ukoo, na kanisani alikuwa shemasi. Nilipompigia simu kumweleza ugonjwa wangu alisema atakuja hospitali siku nitakayoonana na daktari wa upasuaji.

Alikuja kweli, amevaa koti lake la Jumapili, amebeba machungwa kwenye mfuko. Chumba kilikuwa kimejaa watu wenye vilemba vya kuficha vichwa visivyo na nywele. Lazaro alikaa mkabala nasi, akainamisha kichwa, akaniombea kwa sauti ya chini. Alipomaliza akasema tuyapokee, ni mapenzi ya Mungu.

Zakaria alimuuliza polepole, "Shemeji, ulijua?"

Lazaro akajibu kwamba aliambiwa ni vumbi tu, kama vumbi lingine lolote.

Zakaria aliinuka akampiga usoni kwa mkono wenye plasta. Sauti ya pigo ilikuwa kavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Lazaro alianguka na kiti chake, na kabla hajajiinua mume wangu alikuwa juu ya kifua chake akimtwanga kwa plasta ileile, ambayo sasa ilikuwa imepasuka na kuwa nyekundu. Machungwa yalibingirika chini ya viti. Mzee mmoja aliyekuwa na mirija puani alijaribu kuinuka aende mbali akashindwa. Mimi niliingia katikati, nikamshika kaka yangu kichwa, damu yake ikanilowesha mkono wa blauzi. Walinzi wakaja wakambana Zakaria sakafuni kwa magoti. Hakuwapinga. Alikuwa ananitazama mimi.

Polisi walikuwa bado wanamfunga pingu muuguzi alipotokea mlangoni na kuita jina langu. Alilikosea, kama wanavyolikosea wote. Niliinuka nikamfuata. Hakukuwa na la kufanya jingine. Nafasi ya kumwona daktari yule niliingoja kwa wiki nyingi. Nikakaa mbele yake na damu ya kaka yangu ikinikaukia kwenye nguo, naye akanieleza jinsi atakavyonipasua.

Walimwachia Zakaria kwa masharti. Sharti kubwa lilikuwa asimkaribie Lazaro wala kuzungumza naye. Lazaro alishonwa mdomo na kupoteza meno. Ukoo wetu hapa ni mdogo, na siku ile ulikatika vipande viwili: walionipigia simu kumlaani mume wangu, na walionipigia kumlaani kaka yangu. Baadaye nikaacha kupokea simu.

Upasuaji ulikuwa katikati ya baridi. Walinifungua kuanzia chini ya matiti hadi kwenye kinena. Walikwangua utando, wakatoa wengu, wakatoa kipande cha utumbo, kisha wakamimina dawa ya saratani ikiwa ya moto ndani ya tumbo na kulitikisa kama mtu anayesuuza mtungi. Haya nilisimuliwa. Ninachojua mwenyewe ni kuamka. Niliamka nikiwa na hakika kwamba kuna mtu amesimama juu yangu na panga, na nikampiga muuguzi. Nilimpiga shavuni kwa mkono uliokuwa na mrija wa maji, mrija ukachomoka. Alikuwa Mfilipino, mdogo wa umbo. Aliniwekea mrija upya, kisha akaniletea blanketi lililopashwa moto akanifunika miguu, akakaa nayo mikononi mwake mpaka nilipotulia. Nilimwomba msamaha kesho yake. Akasema amepigwa na wengi, na wengi wao siku hizi wanatembea.

Mwili niliorudi nao nyumbani sikuufahamu. Kidonda kilipita katikati yangu kama mshono wa gunia. Kwa miezi kadhaa haja kubwa ilitoka kupitia mfuko uliobandikwa tumboni, na mfuko huo ulipoachia wakati nimekaa mezani, nilitamani wangeniacha nife. Neema ndiye aliyenibadilisha. Binti huyu alikulia hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini tangu aanze shule alikuwa ananijibu kwa Kiingereza. Siku ya kwanza aliyopiga magoti mbele yangu na maji ya vuguvugu, akinisafisha kama nilivyomsafisha yeye, aliniambia, "Pole, Mama. Inua mkono kidogo." Niliinua mkono. Nililia baadaye, alipotoka.

Zakaria hakuweza kunigusa. Alipika, alifua, alinunua dawa, lakini akilala alilala ukingoni kabisa mwa kitanda. Asubuhi moja jikoni, nikiwa nakoroga uji kwa kuwa nimechoka kupikiwa, akaanza kusema kwamba vumbi lilikuwa la kwake, kwamba saratani hiyo ilikuwa ya kwake nami nimeibeba, kwamba angekufa yeye ingekuwa haki. Alikuwa ameyasema hayo siku nyingi. Nilimpiga mwiko begani. Uji wa moto ukamrukia shingoni. Nilimpiga tena, mgongoni, kichwani, nikasikia mishono inanivuta kana kwamba itafunguka, na sikuacha. Alisimama tu akipigwa. Mwiko ulipokatika nilimwambia, "Mimi ndiye mgonjwa hapa. Usininyang'anye na hilo."

Alinikalisha kwenye kiti. Mikono yake ilibaki imenishika. Tangu siku ile alirudi katikati ya kitanda.

Wakili tulitafutiwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa pale hospitali. Alikuwa mama mwenye asili ya Sri Lanka, msema kweli, asiyetabasamu bila sababu. Alitueleza kwamba mfanyakazi akiumizwa na kazi hapa hulipwa na mfuko wa fidia na hawezi kumshtaki mwajiri wake. Lakini mimi sikuwa mfanyakazi wa mtu. Nilikuwa mke tu, na mlango wa mahakama kwangu ulikuwa wazi. Tungeishtaki kampuni iliyotengeneza mabamba na mabomba yale. Kampuni haikukana kwamba bidhaa zake zilikuwa na asbestosi. Ilisema ilikuwa imewaonya wanunuzi, na kama onyo halikumfikia Zakaria, kosa ni la msimamizi.

Msimamizi alikuwa Lazaro. Na hakuna mtu mwingine aliyekuwa hai, tuliyemjua, ambaye aliwahi kuzungumza na watu wa kampuni.

Nilikwenda kwake theluji ikianza kuyeyuka, Neema akinishika mkono kwenye basi. Kaka yangu alifungua mlango mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa umepona kwa kupinda, na alipozungumza mate yalimtoka pembeni, akawa anajifuta kwa kitambaa. Alidhani nimekuja kumwombea mume wangu. Nilimwambia sikuja kwa ajili ya Zakaria. Nilimwomba aende kwa wakili akaseme alichoambiwa na kampuni, basi.

Alikataa. Alisema wataigeuza iwe yeye ndiye aliyeniua. Alisema ameshapigwa mara moja kwa jambo hili na hataki kupigwa tena na watu wenye tai. Alikuwa analia kwa hasira, na alipiga meza, kikombe kikaruka kikavunjika sakafuni. Neema alitaka tuondoke. Mimi sikuwa na nguvu ya kubishana, wala ya kuinuka. Nilikaa hapo nikishika tumbo, na kwa kuwa mfuko wangu ulikuwa umeanza kuvuja nikamwomba Neema anisaidie hapohapo, sebuleni, mbele ya kaka yangu. Hakugeuza uso. Aliona yote.

Kisha akasimulia. Muuzaji wa kampuni alikuwa anakuja mwenyewe na gari la mabamba. Lazaro alipoona vijana wanakohoa alimuuliza kama wanunue barakoa za kuzibia pua. "Akaniambia, ukiwavalisha watu barakoa, mwenye jengo ataogopa, atanunua kwingine. Akasema mwagia maji kidogo, itatosha. Nami nilimwamini, Furaha. Alikuwa mtu wa kampuni."

Mahojiano ya kiapo, yanayotangulia kesi, yalifanyika Don Mills, Toronto hapahapa, kwenye ofisi yenye madirisha makubwa yanayotazama magari. Wakili wa kampuni alikuwa na adabu kupita kiasi. Alinimiminia maji. Kisha akaanza kuniuliza kwa nini nilikung'uta nguo ndani ya nyumba. Kwa nini nilifunga mlango wa bafuni bila kufungua dirisha. Kwa nini sikumwambia mume wangu akung'ute nje. Nikajibu kwamba nje kulikuwa na baridi ya kuua mtu, na kwamba hakuna aliyetuambia kuna kitu cha kuogopa. Akauliza kama Zakaria ni mtu mkali. Kama amewahi kunipiga. Kama si kweli kwamba kilichoiharibu familia yangu ni ngumi za mume wangu na si mabamba ya mteja wake. Alisoma kwa utulivu maelezo ya polisi kuhusu siku ile ya hospitali, jino moja baada ya jingine, na Zakaria alikuwa amekaa karibu yangu amekalia mikono yake miwili.

Nimepasuliwa nikiwa usingizini. Siku ile nilipasuliwa macho yakiwa wazi.

Mwisho akauliza: "Kwa hiyo hakuna aliyekulazimisha kuzigusa nguo zile?"

"Hakuna," nikamwambia. "Alirudi mchafu kutoka kazini. Alikuwa mume wangu."

Zamu ya Lazaro ilikuwa siku nyingine, ili Zakaria asiwepo. Wakili yule alimbana tangu asubuhi, naye alijibu akijifuta mdomo. Yeye si alikuwa msimamizi? Alikuwa. Usalama wa watu si ulikuwa juu yake? Ulikuwa. Basi si alipaswa kujua? Wakili wetu aliniambia chumba kizima kilikuwa kinamtazama kaka yangu, na kwamba hata yeye alishusha kalamu.

"Ndiyo, nilipaswa kujua," Lazaro alisema. "Na ninyi mlijua."

Baada ya hapo maswali yalikwisha upesi.

Kiangazi kilipofika, nikiwa nimeunganishwa tena utumbo na mfuko umeondolewa, kampuni ilileta pendekezo la kumaliza kesi. Ingelipa bila kukiri kosa, nami nisiseme tena neno lolote juu ya mabamba yake, kwa mtu yeyote, mpaka nife. Zakaria alitaka nitie sahihi. Alikuwa amechoka, alitaka nipumzike. Hata wakili wetu alisema ni haki yangu kuchagua, na wengi huchagua kunyamaza kwa sababu wana watoto na muda wao ni mfupi. Siwalaumu hao. Lakini mimi niliwaza wanawake waliofua nguo za vijana wote wa Yaya Lazaro, nikasema kipengele hicho kiondoke au twende mbele ya jaji. Walitutisha. Walisema huenda nisifike siku ya kesi. Wakili wetu alirudi na maneno hayo akiwa amekunja uso, nikamwambia awajibu kwamba basi nitawashtaki nikiwa kaburini. Kesi ilipokaribia kabisa, kipengele kikaondoka.

Hakuna aliyekwenda jela wala aliyeniomba radhi. Kampuni imelipa, jina lake limebaki mlangoni pake, na mimi nasema ninachotaka. Wakiniuliza kama nina amani, nasema nina hasira, na ninakula nayo vizuri. Picha za mwisho za tumbo langu zilikuwa safi. Nitapigwa nyingine msimu ujao, na mwingine baada ya huo. Ukienda kwa daktari na tumbo lisiloeleweka, mweleze kazi zako zote, kisha mweleze na kazi za yule uliyemfulia nguo.

Zakaria alikiri mahakamani kosa lake la kumpiga Lazaro. Hakufungwa; aliwekwa chini ya uangalizi na kutakiwa kuhudhuria mafunzo ya watu wenye hasira, na alihudhuria. Lazaro mwenyewe alimwomba jaji aondoe sharti la kutokaribiana. Alisema hapa ugenini hana shemeji mwingine.

Vuli hii kaka yangu ameanza kukohoa. Alikataa kwenda kupimwa mpaka nilipomwambia nitampeleka mimi kwa miguu. Asubuhi ya miadi Zakaria alishika funguo za gari kabla sijamwomba, tukampitia. Walikaa mbele wote wawili, mimi nyuma. Katika chumba cha kungojea Lazaro aliacha kiti kimoja wazi kati yao, nikakaa hapo.

Muuguzi alitoka akaita jina lake, akauliza kama kuna mtu wa kuingia naye. Lazaro alisimama, mikono ikihangaika na vifungo vya koti, akanitazama. Nilikuwa naanza kujiinua, jambo ambalo kwangu bado ni la taratibu.

Zakaria alikuwa ameshasimama. "Mimi," alisema. "Ni shemeji yangu." Akamfungua kaka yangu vifungo, kimoja baada ya kingine, kwa mkono ule wa plasta, uliopona kwa kupinda, akalibeba koti, wakaingia.